Rangi Iliyokauka Si Rangi Iliyoiva

Kila mwaka, malipo ya ufuta yanapoanza kuwafikia wakulima wa Kilwa na Lindi, magari mengi hupelekwa gereji kupakwa rangi. Ni desturi njema. Masika yamepita, kipupwe kimeingia, fedha kidogo ipo mkononi, na mwenye gari hutaka chombo chake kipendeze. Lakini ni katika majira hayo hayo ambapo fedha ya jasho la familia hupotea pasipo mtu kuiba. Juma hili napenda tuzungumze juu ya upotevu huo, maana ulifika nyumbani kwetu, na mmoja wa mikono iliyousababisha ulikuwa wangu mwenyewe.

Mjomba wangu, mkazi wa Kilwa Kivinje, ana gari dogo la abiria linalofanya kazi baina ya Kivinje, Nangurukuru na Masoko. Gari hilo ndilo lililowasomesha watoto wake. Binti yake wa mwisho alipoposwa, mjomba na mkaza mjomba walikubaliana kwamba sehemu ya fedha ya ufuta itumike kulipaka rangi mpya, ili bibi harusi atoke nyumbani kwa gari la baba yake na si la kukodi. Gari likapelekwa Lindi. Lilipulizwa rangi Jumanne, nasi tukalifuata Alhamisi, kwa kuwa harusi ilikuwa Jumamosi.

Fundi hakupenda kulitoa. Alimwambia mjomba kwa adabu, "Mzee, rangi hii imekauka, lakini haijaiva. Niachie juma moja." Mjomba akagusa mlango, akakiona kidole chake kikavu, akaamini kwamba fundi ana maneno mengi tu. Tukaondoka.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, nilipoona umande unaanza kushuka, niliazima turubai la nailoni, nikalifunika gari lote, nikalikaza kwa kamba na kwenda kulala nikijisifu. Asubuhi mikunjo ya turubai ilikuwa imejichora juu ya paa, na mahali pengine rangi ilikuwa imefifia mfano wa kioo kilichopumuliwa. Hapakuwa na nafasi ya kujuta. Wasichana walifika na maua na utepe, wakavibandika juu ya boneti kwa gundi ya karatasi, kwa vigelegele na furaha. Jumapili jioni tulipoibandua gundi, vipande vya rangi vilitoka nayo hadi rangi ya chini ikaonekana. Mjomba hakusema neno. Mkaza mjomba ndiye aliyeuliza, "Hayo ni magunia mangapi ya ufuta?"

Ndugu msomaji, maneno ya yule fundi ndiyo somo letu la leo. Kukauka na kuiva ni mambo mawili. Rangi hukauka pale thina iliyomo inaporuka na kuacha ngozi isiyonata kidoleni. Lakini chini ya ngozi hiyo rangi ingali laini, na thina iliyobaki inatafuta njia ya kutoka. Rangi ya mafuta ya kawaida huiva kwa kuvuta oksijeni ya hewani, polepole, kutoka juu kwenda chini. Rangi inayochanganywa na dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita hadina, huiva kwa chembe zake kushikana zenyewe kwa zenyewe, nayo huwahi zaidi. Gereji kubwa zina vyumba vya joto ambamo gari huokwa katika nyuzi joto 60 hivi, kwa muda wa nusu saa au zaidi kidogo, ili kazi hiyo iharakishwe. Gereji zetu nyingi hutegemea jua na upepo, na kwa hiyo hutegemea siku.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa watu wa Kilwa. Kuta za Kilwa Kisiwani, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa nayo hukauka usoni upesi, lakini hukomaa polepole kwa kuvuta hewa. Waliojenga Husuni Kubwa katika karne ya 14 walilazimika kuingoja chokaa yao, nasi hatuna budi kuingoja rangi yetu.

Basi tufanyeje? Kwanza, tuzungumze na fundi kabla ya kazi, si baada yake. Tumuulize anatumia rangi ya aina gani, kama ina hadina au haina, na gari lipumzike siku ngapi kabla ya kutoka. Kama kuna harusi au safari, gari lipelekwe majuma kadhaa mapema. Fundi anayesukumwa hupuliza tabaka juu ya tabaka ambalo halijapumua. Thina ikinaswa chini, rangi huja kuvimba malengelenge au kupoteza mng'ao.

Pili, tuchague mahali pa kuliweka. Banda la makuti lililo wazi pande zote linafaa sana, kwa sababu huzuia umande na mvua huku hewa ikipita. Jua la kadiri si adui, kwani joto husaidia rangi kuiva. Kibaya ni kulifunika gari kwa turubai au nailoni, kwa kuwa unyevu hunaswa ndani, thina hukosa pa kutokea, na kifuniko chenyewe hujichora juu ya rangi. Aidha, tusiliegeshe chini ya mwembe au mkorosho, ambao utomvu wake hunata na kung'ang'ania, wala chini ya mnazi, kwa sababu ambayo kila mtu wa pwani anaifahamu. Kama kuna kuku nyumbani, wasizoeshwe kulala juu ya boneti.

Tatu, tuwe wapole katika kuosha. Juma la kwanza ni bora gari lisioshwe kabisa. Likiingia vumbi, tusilifute kwa kitambaa kikavu, kwa maana mchanga wa pwani ni msasa. Baada ya hapo, kwa muda wa mwezi mmoja, tutumie maji baridi matupu na kitambaa laini, kivulini, bila sabuni ya unga na bila pampu ya maji ya nguvu. Sisi wa mwambao tunalo jambo moja zaidi la kuangalia. Maji ya visima vyetu vingi hupita katika mawe ya chokaa, na mengine yana chumvi. Yakiachwa yakaukie juani juu ya gari, huacha madoa meupe ya mviringo. Yafaa kutumia maji ya mvua yakiwepo, na kulikausha gari mara tu baada ya kuliosha. Tusiache pia kulisuuza gari linalolala karibu na bahari, kwani chumvi iletwayo na upepo hushika unyevu, na penye mkwaruzo kutu huanzia hapo.

Nne, kinyesi cha ndege kisiachwe kupita siku. Kina asidi, na jua likikipiga juu ya rangi changa huacha kovu. Tusikikwangue. Tuweke kitambaa kilichoroa maji juu yake, tungoje kilainike, kisha tukiinue taratibu. Petroli nayo ikimwagika karibu na mdomo wa tangi, isuuzwe papo hapo kwa maji mengi. Mafuta ya breki ni hatari kuliko hiyo, kwa kuwa huweza kung'oa hata rangi iliyokomaa.

Tano, polishi na nta zingoje. Viwanda vingi vya rangi hushauri zisipakwe mpaka zipite siku 30, na vingine hutaka hata siku 90. Tunadhani tunailinda rangi, kumbe tunaiziba pumzi. Hali kadhalika maandishi ya kubandika, picha na utepe. Mwenye shaka anuse gari mahali palipofichika, kama vile kwenye fremu ya mlango. Akisikia bado linanuka thina, ajue kwamba rangi haijaiva. Na kwa kuwa harufu hiyo si njema kwa afya, watoto wasiachwe kucheza wala kulala ndani ya gari siku hizo za mwanzo.

Katika safari, tukae mbali na lori lililo mbele yetu, hasa katika barabara za changarawe za kuelekea mashambani. Kokoto moja inayorushwa na gurudumu huitoboa rangi changa kwa wepesi kuliko rangi iliyokomaa.

Sasa nirudi Kivinje. Nilipolitafakari lile tukio, niliona kwamba hakuna adui aliyeiharibu rangi ya mjomba. Mimi nilileta turubai kwa kumwonea huruma. Wasichana walileta utepe kwa kumpenda dada yao. Mjomba mwenyewe alilichukua gari mapema ili binti yake apate heshima. Aliyejua ukweli alikuwa fundi peke yake, naye alikuwa Lindi. Kwa hiyo nasema kwamba gari linaporudi na rangi mpya, baba asiliegeshe tu na kuingia ndani kula. Awaite mama, watoto, na wageni waliolala hapo, awaeleze kwamba chombo hiki bado ni kichanga, na kwamba hakifunikwi, hakiegemewi, hakiwekewi kikapu cha samaki wala kuandikwa jina kwa kidole juu ya vumbi. Dakika tano za maneno zingetuokolea magunia ya mkaza mjomba.

Boneti na paa vilipakwa upya. Gari lilikaa bila kazi majuma mawili, na ada ya shule ya mjukuu ililipwa kwa mkopo wa jirani. Safari hii mjomba alimwachia fundi juma zima bila kuulizwa. Gari liliporudi, jirani mwingine alimwendea na kopo la polishi, akitaka kumsaidia king'arishwe vizuri chombo cha watu. Mjomba alilipokea kopo kwa shukrani, akaliweka juu ya kabati, akatia alama kwenye kalenda ya ukutani, miezi mitatu mbele.

Mstahimilivu hula mbivu. Tuonane Jumapili ijayo.