Pua ya Mtoto Isiyokauka



Kiangazi kikifika kwetu Shinyanga na Geita, vumbi huinuka barabarani, mashambani na kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu. Ndipo utamwona mtoto apiga chafya mfululizo kila asubuhi, ajikuna pua na macho, alala mdomo wazi. Makamasi yake ni mepesi kama maji, wala hana homa. Mama husema, "Ni mafua." Lakini mafua ya kawaida huisha kwa siku 7 hadi 10. Yakipita mwezi, huenda ni mzio, ambao wengi huuita aleji: pua inapigana na kitu kisicho adui, kama vijidudu vya vumbi la matandiko au chavua ya nyasi. Vumbi la nje na moshi wa kuni huzidisha taabu hiyo.

Wazazi wengine humpeleka mtoto akakatwe kimeo. Msifanye hivyo! Kimeo hakina kosa, na kisu hicho kimewaletea watoto kutokwa damu nyingi, hata kufa.

Mpelekeni kwa daktari. Huenda akampa dawa ya steroidi ya kupuliza puani, kama budesonide au fluticasone. Msiogope jina hilo. Siyo ile ya kutunisha misuli. Ni jamaa ya kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza katika tezi zilizo juu ya figo, nayo hutuliza uvimbe ndani ya pua.

Basi, itumieni hivi. Mtoto apenge kwanza, ainamishe kichwa kidogo. Mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio, si ukuta wa katikati ya pua, asije akatokwa damu. Avute pumzi polepole. Apuliziwe kila siku kama alivyoagizwa, hata akiwa na nafuu. Wengi huiacha siku ya tatu wakisema haifai, kumbe nguvu yake huja polepole, na yaweza kuchukua wiki mbili kutimia.

Usiazime chupa ya jirani: nyingine zaruhusiwa tangu miaka 2, nyingine 4, nyingine 6. Ikitumiwa muda mrefu, yaweza kupunguza kidogo mwendo wa kukua. Kwa hiyo mtoto apimwe urefu kliniki, apewe kiasi kidogo kinachotosha. Wala usiifananishe na yale matone ya dukani yafunguayo pua mara moja. Hayo yakizidi siku 5 hivi, pua huziba kuliko kwanza.

Pua ikitoa uchafu unaonuka upande mmoja tu, siyo mzio. Pengine ameingiza harage. Na kifua kikipiga filimbi, nendeni hospitali upesi.

Mwisho, anikeni matandiko juani, pikeni mbali na anapolala mtoto. Asiyelala vizuri usiku husinzia darasani, naye mwalimu humwita mvivu. Wazazi, tusimwache mtoto abebe jina lisilo lake.