Mtoto Anayelishwa kwa Mpira

Katika wodi za watoto tumesikia mara nyingi neno hili likinong'onwa: "Yule amewekewa mpira, haponi." Wapo wazazi ambao kwa hofu hiyo huuchomoa usiku na kumrudisha mtoto nyumbani. Hatuwezi kulinyamazia jambo hili.

Mpira huo mwembamba hupitishwa puani hadi tumboni. Huwekewa mtoto njiti, ambaye kabla ya majuma kama 34 ya mimba hajaweza kunyonya, kumeza na kupumua kwa mfuatano. Hupewa maziwa ya mama yake yaliyokamuliwa. Huwekewa pia mtoto mwenye utapiamlo mkali. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, huyu hupewa maziwa maalumu kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Akishindwa kumaliza asilimia 80 ya kipimo chake mara mbili au tatu mfululizo, ndipo mpira hutumika. Naye huendelea kujaribiwa kwa kikombe kwanza, na akianza kunywa vya kutosha mpira hutolewa. Maziwa huachwa yateremke yenyewe, hayasukumwi. Tena kabla ya kila mlo sharti ihakikishwe kuwa mpira umo tumboni, maana maziwa yakiingia mapafuni huweza kuua.

Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayepaliwa kila alapo huenda akauhitaji kwa muda mrefu zaidi. Kumbana pua na kumshindilia uji, kama wafanyavyo wengine kwa nia njema, ni kumtia hatarini.

Tanzania iliridhia mwaka 1991 Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, unaotambua haki ya mtoto kupata matibabu na chakula chenye lishe. Lakini ni nani anayeamka saa nane za usiku kumlisha? Wauguzi ni wachache. Aamkaye ni mama, huku nyumbani ameacha wengine wasio na wa kuwapikia. Na majirani husema amembemenda mtoto. Tukiri kwamba maneno hayo yamesemwa hata katika jumuiya zetu, na vinywa vyetu.

Twawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo wapange zamu: nani atapika, nani atatoa nauli, nani atakaa kitandani mama alale japo saa tatu. Akina baba wawe wa kwanza kuandikwa. Na waanze na wodi iliyo karibu, wakaulize ni mama yupi hana wa kumpokea usiku wa leo.