Toleo Jipya Likajaribiwe Mtowisa

Wapenzi wa programu huria wanapenda kutuambia kwamba msimbo ukiwa wazi, macho ni mengi na kasoro haina pa kujificha. Porojo. Kasoro ya Heartbleed ilikaa ndani ya OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti chungu nzima duniani, tangu Machi 2012 mpaka Aprili 2014. Msimbo wote ulikuwa hadharani. Ruhusa ya kukagua ilikuwepo, wakaguzi ndio hawakuwepo.

Nalisema hili kwa sababu wagonjwa wa mkoa wa Rukwa wanahesabiwa ndani ya programu huria. DHIS2, kazi ya Chuo Kikuu cha Oslo na washirika wake, wakiwamo wataalamu walioko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, imebeba takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, nchi nzima kwa zaidi ya miaka 10. Toleo la 40 lilitoka 2023, la 41 mwaka 2024, la 42 mwaka 2025. Wataalamu wa programu hubishania kalenda: toleo litoke tarehe ikifika, kama mfumo endeshi wa Ubuntu kila Aprili na Oktoba, au litoke likiwa tayari, kama Debian? Wabishane. Mimi nauliza limejaribiwa wapi, na mikononi mwa nani.

Nenda zahanati yoyote ya bonde la Ziwa Rukwa. Kitabu namba 5 cha wagonjwa wa nje kiko mezani, namba 6 cha wajawazito kiko pembeni, akina mama wamejaa kwenye benchi. Simu imechajiwa kwa sola na mtandao unakuja na kuondoka utakavyo. Programu ya simu ya DHIS2 imetengenezwa ifanye kazi bila mtandao, kisha ipeleke taarifa mtandao ukirudi. Jambo jema sana. Lakini ukikatika katikati ya kutuma je? Muuguzi akibonyeza tena kwa kuwa hakuona jibu, mtoto mmoja atahesabiwa mmoja au wawili? Na ile simu ya zamani iliyojaa picha za harusi, itafunguka kabla mgonjwa hajakata tamaa? Huwezi kuyajua hayo ukiwa ofisini kwenye faiba na kiyoyozi. Huko kila kitu hufaulu.

Wahenga wa Ufipa, huku huku Rukwa, walikuwa na nidhamu ya kutoruka hatua. Chuma kilichotoka kwenye ilungu, lile tanuri refu la udongo, hakikwenda moja kwa moja kufuliwa jembe. Kilipitishwa kwanza kwenye kintengwe, tanuri dogo la kusafishia. Sidhani kama kuna aliyethubutu kusema mvua zimekaribia, kintengwe tukiruke.

Na mtu asiniambie kupima kunachelewesha kazi. Machi 2024 mtaalamu wa programu Andres Freund alinasa mlango wa siri uliopandikizwa ndani ya XZ Utils, programu huria ya kubana mafaili, eti kwa sababu kuingia kwenye mashine kulichelewa kama nusu sekunde! Ulikuwa umeshapenya kwenye matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, bado haujafika kwenye matoleo thabiti yanayoendesha seva nyingi. Majaribio hayo, ambayo wenye haraka huyaona kero, ndiyo yaliyotuokoa.

Oslo wasibebe lawama peke yao. Matoleo ya majaribio huwekwa wazi, bure, yeyote ayachokonoe. Sisi tunangoja yakamilike, tunayapokea, ndipo tunaanza kulalamika kwenye makundi ya WhatsApp, mahali ambapo hakuna mtengeneza programu hata mmoja anayesoma.

Basi kila toleo lipitie kwanza vituo vichache vyenye shida halisi: Mtowisa bondeni, Kirando kando ya Ziwa Tanganyika, Laela huku juu uwandani. Litumie data za kujaribia, wala si majina ya wagonjwa. Muuguzi anayejaribu alipwe posho na anunuliwe bando, maana hiyo ni kazi, tena ya kitaalamu. Kasoro anayoiona aieleze kwa Kiswahili, afisa TEHAMA aifikishe kwa watengenezaji, na jibu limrudie yeye mwenyewe. Tena iwe mwiko kugusa mfumo mwanzoni mwa mwezi, vituo vikiwa vinafunga taarifa. Mpaka Mtowisa, Kirando na Laela waseme limefaa, seva ya taifa iachwe kama ilivyo.