Je, Mama, Mwili Wako Una Umri Gani?

Bila shaka umewahi kukutana na mwanamke mliyesoma naye darasa moja, mkapotezana miaka mingi, kisha ukajiuliza moyoni: "Amezeeka hivi mwenzangu, au ni mimi nisiyejiona kwenye kioo?" Mlizaliwa mwaka mmoja. Hata hivyo mmoja wenu bado anapanda mlima bila kuhema, na mwingine akiinuka kitini magoti yanalalamika. Wengi wetu husema ni mambo ya ukoo. Ni kweli urithi una sehemu yake, lakini si yote.

Mwili una umri wa aina mbili. Upo ule ulioandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na upo ule unaojiandika polepole ndani ya chembe hai za mwili, yaani seli. Wa kwanza hatuna la kuufanya. Wa pili tuna uwezo nao kidogo, na ndio tunaotaka kuuzungumzia mwezi huu.

UPINDO WA KANGA

Miili yetu imejengwa kwa seli nyingi mno, ndogo kiasi kwamba hazionekani kwa macho matupu. Nyingi huchakaa na kufa, na mahali pake huchukuliwa na mpya zinazopatikana seli moja inapojigawa kuwa mbili. Ndivyo kidonda kinavyofunga, na ndivyo ngozi inavyojifanya upya. Ndani ya seli mna nyuzi zinazobeba urithi wetu, ziitwazo kromosomu. Kila uzi una kikingio kwenye ncha zake, nacho huitwa telomea.

Hebu fikiria doti ya kanga uliyonunua dukani. Ukishaikata, unaipinda kwanza kabla ya kuivaa, kwa sababu kanga isiyopindwa huchomoka nyuzi kila inapofuliwa. Telomea ni kama upindo huo. Seli inapojigawa, upindo hupungua kidogo. Ukipungua sana, seli huacha kujigawa. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, huko Philadelphia nchini Marekani, walieleza kwamba seli za binadamu zilizokuzwa maabara hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha hukoma.

Hata hivyo mwili una fundi wake wa kushona. Desemba 1984 Carol Greider, aliyekuwa bado mwanafunzi, pamoja na mwalimu wake Elizabeth Blackburn, waligundua kimeng'enya kinachorefusha telomea. Walikipata katika kiumbe kidogo kinachoishi kwenye madimbwi. Kimeng'enya hicho huitwa telomerasi. Mwaka 2009 wanawake hao wawili, pamoja na Jack Szostak, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

AKINA MAMA 58

Sasa tuje kwetu sisi wenye watoto. Mwaka 2004 Blackburn na mtaalamu wa saikolojia, Elissa Epel, walitoa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 58 huko California. Kati yao, 39 walikuwa wakiuguza mtoto mwenye maradhi ya muda mrefu. Waliobaki watoto wao walikuwa wazima. Kila mama aliulizwa anavyojisikia chini ya majukumu yake, na damu yake ikapimwa urefu wa telomea.

Huenda ungetegemea kwamba wote wenye watoto wagonjwa walionekana kuchakaa zaidi. La hasha! Kwa wastani makundi hayo mawili hayakupishana. Kilicholeta tofauti kilikuwa kingine. Kwanza, mama aliyeuguza kwa miaka mingi zaidi alikuwa na telomea fupi zaidi. Pili, katika makundi yote mawili, akina mama waliojiona wameelemewa mno walikuwa na telomea fupi kuliko wenzao waliojiona wanamudu. Tofauti hiyo ilikuwa sawa na kuzeeka kwa miaka 10 au zaidi.

Tusilielewe vibaya jambo hili. Hatusemi kwamba mama aliyelemewa ana makosa, au kwamba akijilazimisha kutabasamu mzigo utapungua. Tunasema kwamba mzigo unaobebwa peke yako, mwaka baada ya mwaka bila kupokewa, hauishii moyoni. Unashuka mpaka kwenye seli. Nao walio nyumbani mara nyingi hawauoni, kwa maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Hivyo dawa ya kwanza haipo jikoni wala dukani. Ni kusema. Mweleze mumeo wazi, siku ametulia, kwamba unachoka, na umwambie ni kazi gani hasa ungependa akupokee. Kijana wa miaka 12, awe wa kike au wa kiume, anaweza kuosha vyombo na kupika uji. Mama anayeuguza mtoto mlemavu au mkwe aliyepooza anahitaji mtu wa kumpokea walau nusu siku kwa juma. Vikundi vyetu vya akina mama kanisani hupeleka sukari na sabuni kwa mgonjwa. Tungepeleka pia mikono ya kumpumzisha anayemwuguza.

SHINGO NA MCHUZI

Chakula nacho kina sehemu yake. Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wanawake 4,676 nchini Marekani, ambao kazi yao ilikuwa uuguzi. Wale waliokula zaidi kwa desturi ya watu wa pwani ya bahari ya Mediterania, yaani mboga, matunda, jamii ya kunde, nafaka isiyokobolewa, samaki na mafuta ya zeituni, walikuwa na telomea ndefu zaidi. Watafiti hawakuona chakula kimoja chenye nguvu peke yake. Ulikuwa ni mchanganyiko wote. Basi si mlonge peke yake, wala si kitunguu saumu peke yake.

Zeituni hatuna, lakini mengi ya hayo tunayo sokoni kwa bei nafuu: ugali wa dona badala ya sembe nyeupe, maharage, kunde, mchicha, matembele, dagaa, karanga, papai na mapera. Tatizo letu wakati mwingine si kukosa, bali ni namna tunavyopakua. Firigisi ni ya baba, mapaja ni ya watoto, na mama anabaki na shingo na mchuzi, tena akila amesimama. Mama mwenzetu, jipakulie sahani yako pamoja na za wengine. Huo si ubinafsi.

Upande wa sukari tuwe macho. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014, uliohusu Wamarekani zaidi ya 5,000, ulionyesha kwamba wanywaji wa soda walikuwa na telomea fupi. Kwa kunywa soda ya kiasi cha chupa mbili ndogo kila siku, tofauti ilikadiriwa kuwa kama miaka 4.6 ya kuzeeka. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba ni vizuri zaidi mtu mzima asizidishe gramu 25 za sukari kwa siku, yaani vijiko 6 hivi vya chai. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko viwili kila kimoja vimeshatosha, kabla hujagusa soda wala keki.

Kuhusu mazoezi, mama anayelima na kuteka maji ameshayafanya. Anayeshinda dukani au ofisini ndiye anayehitaji kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Mwaka 2008 watafiti wa London waliochunguza mapacha 2,401 waliona kwamba waliofanya mazoezi zaidi walikuwa na telomea ndefu kuliko wale waliokaa tu.

TUSIDANGANYIKE

Uchunguzi wa namna hii huonyesha mambo yanayoandamana. Hauthibitishi kwamba moja ndilo lililoleta jingine. Ndiyo maana tunawasihi muwe waangalifu na vidonge vinavyouzwa kwa ahadi ya kurefusha telomea na kurudisha ujana. Seli nyingi za saratani huendelea kujigawa bila kikomo kwa sababu zina telomerasi nyingi. Upindo ukizidi mno nao si heri.

Hatuwezi kuirudisha kanga kuwa mpya, lakini twaweza kuitunza isichakae kabla ya wakati wake. Juma hili kaa chini uandike kazi zote unazofanya tangu kuamka hadi kulala. Weka alama kwenye mbili ambazo mtu mwingine wa nyumbani anaweza kuzifanya, na umkabidhi kabla ya Jumapili. Akizifanya vibaya mara ya kwanza, usizichukue tena. Mfundishe.