Mama anayelia usiku hajarogwa. Mpeni simu aongee na mshauri

1/7
Akina mama wa Mbulu na Hanang, na ninyi baba watoto mnaosoma kimya kimya, leo chanjo tuiweke pembeni. Naongelea mama aliyejifungua salama, mtoto mzima, maziwa yapo, lakini hapati usingizi hata mtoto akilala. Chakula hakipiti. Anamwangalia mwanae kama mtoto wa jirani. Ninyi mnasema mvivu, au kuna mkono wa mtu. Mimi nesi nasema anaumwa. Ni sonona baada ya kujifungua, na inatibika. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya mama 100 waliojifungua, kama 13 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa nchi zinazoendelea wanakaribia 20. Hesabu wenzako kwenye benchi la kliniki.

2/7
Mnaosema "ushauri ni mambo ya Wazungu", hebu turudi tarehe 3 Desemba 2023. Matope na mawe yalishuka kutoka Mlima Hanang yakaingia Gendabi, Jorodom na Katesh mjini. Watu zaidi ya 80 walifariki. Pamoja na unga na magodoro, waliletwa wataalamu wa saikolojia na maafisa ustawi wa jamii kukaa na waliofiwa. Nani alisema ni umbea? Hakuna. Sasa niambieni: mlima ukiporomoka mshauri ni msaada, mama akiporomoka ndani ya nyumba yake mshauri anakuwa aibu? Kwa nini?

3/7
"Mama zetu walizaa kumi bila mshauri." Walizaa, ndiyo. Na wengine walizika, wakanyamaza. Wazee wa Kiiraqw wanaijua metimani: mama aliyefiwa na mtoto alitengwa na watu, watu wakiogopa msiba wake usiwafikie. Siwahukumu wazee, walilinda jamii kwa walichokijua. Lakini leo hatumtengi kwa miiko, tunamtenga kwa maneno: "Nyamaza, utapata mwingine." "Jikaze, wenzako wanazaa." Kunyamaza hakukuwahi kumponya mtu.

4/7
"Maneno tu yanatibu nini?" Yanatibu. Vijijini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuongea na mama wenye sonona kwa utaratibu maalumu, wakiwatembelea nyumbani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la Lancet: mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa 23 kati ya 100. Kwa wale waliotembelewa bila mazungumzo hayo, walikuwa 53. Ni mama wa kijijini kama wewe, wenye mashamba na mama wakwe. Kwa hiyo siyo kupiga soga. Mshauri anakusaidia kuona wazo linalokuvuta chini, mnapanga kitu kidogo cha kufanya wiki hiyo, wiki inayofuata mnaangalia kimeendaje.

5/7
Sasa kwa nini simu? Kwa sababu nazijua barabara zetu. Mama wa Yaeda Chini au wa huko ndani Basotu hawezi kila wiki kulipa bodaboda, mtoto mgongoni, siku nzima imekwisha, kwa maongezi ya saa moja. Simu inaweza. Video siyo lazima, hata kitochi kinatosha. Kaa mahali ambapo mama mkwe hasikii, hata kama ni kule kilimani unakotafutia mtandao. Kubalianeni neno moja la kumjulisha mshauri kwamba mtu ameingia. Simu mnatumia wawili? Futa meseji. Na wewe baba, bando la kuweka mikeka lipo kila Jumamosi. La mama watoto likosekane?

6/7
Ila msikimbilie kila anayejiita "mshauri" mtandaoni. Ukishalia mbele yake ana siri yako. Muulize matatu kabla ya kutuma hata shilingi: Umesomea nini na wapi? Unafanya kazi chini ya taasisi gani, niwapigie? Maneno yangu unayatunzaje? Akisema ni nesi au daktari, ana usajili wa baraza lake, uulizie. Akikasirika, kata simu. Akiahidi kurudisha mume ndani ya siku saba, huyo ni tapeli. Hata wakubwa wanakosea: mwaka 2023 kampuni ya BetterHelp ya Marekani iliamriwa kulipa dola milioni 7.8 kwa kupeleka taarifa za wateja kwa Facebook na wengine kwa ajili ya matangazo. Na sisi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Siri yako ina sheria.

Njia salama zaidi: anzia kliniki. Mwambie nesi, "Naomba mtu wa afya ya akili au afisa ustawi wa jamii." Onaneni mara ya kwanza uso kwa uso, kisha muombe muendelee kwa simu. Na sisi watumishi tuache kupima mtoto tu na kumrudisha mama bila kumuuliza, "Wewe je, unalala?"

7/7
Simu ina mpaka wake. Mama akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, akiongea vitu visivyoeleweka, au akitaka kujidhuru au kumdhuru mtoto, hapo siyo bando tena. Usimwache peke yake, mtoto ashikwe na mtu mwingine, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Msianzie kwa mganga.

Kwa wengine wote: kumnyima mama dakika 50 za kuongea na mtu aliyesomea ni sawa na kumnyima dawa. Mnaomzuia, mtamlea huyo mtoto ninyi?

Mtumie shemeji yako. Mtumie na mama mkwe.