Shemeji wa Kompyuta Hana Sikukuu

Mwezi huu tumeona tumtetee shemeji yetu mmoja ambaye watu humcheka bila kumhurumia. Ni yule kijana wa kompyuta, aitwaye afisa TEHAMA akiwa halmashauri na fundi wa mtandao kwingineko kote. Wako Masasi, wako Newala: hospitalini, benki, kwenye vyama vya ushirika. Utamtambua tu. Shati limekunjamana, macho mekundu, simu mbili mkononi, na chai ya saa nne imepoa mezani.

Kazi yake ni kama ya mtu wa pampu ya maji. Sisi tunaoijua Newala tunaelewa. Huko juu hakuna mito, na maji husukumwa kutoka bondeni. Yakitoka bombani, nani humkumbuka mtu wa pampu? Yakikatika siku mbili, hata mtoto wa chekechea analijua jina lake. Ndivyo alivyo shemeji. Mfumo ukienda vizuri, wakubwa huuliza analipwa kwa kazi gani. Ukisimama, wakubwa haohao huuliza analipwa kwa kazi gani.

Mnakumbuka Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024? Ilikuwa Siku ya Mama, na watoto walio mbali walitaka kutuma salamu. Intaneti ikazorota nchini, kwa sababu nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Akapigiwa nani? Shemeji! Mmoja wao aliulizwa kama amejaribu kuzima na kuwasha. Azime bahari?

Huko Chicago, bwana mmoja aitwaye Ted Kekatos alianzisha mwaka 2000 siku ya kuwashukuru watu hawa, Ijumaa ya mwisho ya Julai. Kwetu wakati huo watu wako mashambani wanapuliza salfa kwenye mikorosho, kwa hiyo shukrani husubiri. Na ikifika Oktoba, ndiyo kabisa. Tangu msimu wa 2024 minada ya korosho imeendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, na mkulima aliyesubiri mwaka mzima hataki kusikia neno "mtandao". Hata kanisani shemeji haketi na mkewe, anaketi na vipaza sauti. Akifika nyumbani, jirani yuko mlangoni na simu iliyotumbukia kwenye ndoo.

Tumecheka, lakini kuna mwenzetu alijifungua usiku katika hospitali anayofanyia kazi mumewe. Baba mtoto alikuwa jengo lilelile, vyumba vichache tu kutoka wodini, akihangaika na mashine ili wauguzi wapate mafaili ya wagonjwa. Mtoto alimwona asubuhi. Mama yule hamlaumu mumewe, maana katika mafaili hayo lake lilikuwemo.

Sisi twawalaumu waajiri. Ofisi ina madereva watatu, na mtu wa kompyuta mmoja! Akiugua malaria, neno la siri la mfumo mzima limelala naye kitandani, linatetemeka pamoja naye. Mwajirini wa pili, akina baba. Na kabla hamjampata, maneno hayo ya siri yaandikwe, yatiwe katika bahasha, yafungiwe kwenye kabati la chuma la mkuu wa ofisi. Hilo halihitaji bajeti.

Mwenzetu yule hakungoja ajira ya pili. Siku hizi, kuanzia saa moja hadi saa tatu usiku, simu ya ofisi hukaa jikoni katika kapu la vitunguu, na baba humwogesha mtoto. Mkubwa akipiga, mama anapokea mwenyewe.

"Shikamoo mzee. Hebu tazama kwanza, umeme upo hapo?"

Mara nyingi haupo.