Fahari ya Sewanee

Watu wa kusini mwa Marekani, wanaposimuliana habari za futiboli ya Kimarekani ya zamani, hawakawii kukitaja chuo kidogo cha Sewanee, kilichoasisiwa na maaskofu wa Kianglikana juu ya nyanda za mlimani katika jimbo la Tennessee, ambacho timu yake mwaka 1899 ilicheza mara 12, ikashinda zote, ikajipatia pointi 322 na kufungwa 10 tu. Sifa hiyo ni ya haki. Ila naona imekuzwa hata ikaifunika sifa nyingine iliyo bora.

Taji la msimu ule lilikuwa safari ya gari la moshi ya maili 2,500 hivi. Tarehe 9 Novemba waliishinda Texas mjini Austin, 12 kwa 0; kesho yake, Houston, wakaishinda Texas A&M, 10 kwa 0; siku ya tatu, New Orleans, wakaitandika Tulane, 23 kwa 0; Jumapili, kama ilivyowajuzu wana wa chuo cha kanisa, wakapumzika; Jumatatu, Baton Rouge, LSU ikalambwa 34 kwa 0, na Jumanne, Memphis, zamu ikawa ya Mississippi, 12 kwa 0. Timu tano kwa siku sita, na hapana iliyopata pointi hata moja! Zile 10 walizofungwa mwaka ule zote ni za Auburn, nayo ilishindwa kwa pointi moja. Wala msomaji asidhani kwamba vijana wale walikuwa wakirushiana mpira mbele kama ilivyo leo, maana hilo lilikuwa haramu mpaka mwaka 1906. Kazi ilikuwa kushikamana na kumsukuma mwenye mpira katikati ya miili ya wapinzani, mchezo mkali hata mwaka 1905 Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wajumbe wa vyuo vikubwa kuwataka waurekebishe.

Lakini safari ile ilisababishwa na nini? Fedha. Sewanee ilikuwa imegombana na jirani yake Vanderbilt juu ya mgawanyo wa viingilio, mchezo wao ukavunjika, na meneja wa timu, mwanafunzi Luke Lea, ambaye baadaye alikuwa seneta, akatafuta pato penginepo. (Chuo chenyewe wakati ule kilipokea vijana wa kizungu tu, jambo ambalo wasifuji wake aghalabu hulipita kimya.)

Fedha hiyo hiyo ilipozidi kuutawala mchezo, mdogo hakuwa na la kufanya. Sewanee ilikuwa miongoni mwa waasisi wa ligi kuu ya kusini mashariki mwaka 1932, na katika futiboli ya ligi hiyo haikushinda mchezo hata mmoja mpaka ilipojitoa mwaka 1940, chini ya mkuu wake Alexander Guerry, aliyeona kuwa chuo kisichotaka kununua wachezaji hakina haja ya kushindana na wanaowanunua.

Kushinda ukiwa na nguvu ni jambo la kawaida ya wenye nguvu. Kuacha fahari ya kale na pato lake mbele ya macho ya watu, ili wanafunzi wacheze kwa kuwa wanapenda kucheza, kwahitaji moyo mkubwa zaidi. Kwa hiyo, katika hesabu yangu, Guerry wa mwaka 1940 anatangulia mbele ya mashujaa wote wa mwaka 1899.